Shikamoo Iliyonikatia Waya wa Gia

Jamani, leo shikamoo imenikatia waya wa gia!

Waya wenyewe ulishaanza kufumuka nyuzi, na mpya uko nyumbani. Nikasema ngoja kwanza niwahi majaribio ya timu ya baiskeli Newala.

Kwenye mlima wa Kitangari nikamkuta Mama Somoe, jirani wa shangazi yangu, anasukuma baiskeli ya madumu kwenda kuchota maji. Mkubwa hasalimiwi juu ya baiskeli. Nikashuka, nikamwamkia.

Napanda tena, nabadilisha gia, paa! Waya umekatika. Mnyororo ukaangukia gia nzito kuliko zote, na mlima bado wote uko mbele.

Mama Somoe kashika kiuno. "Yaani marahaba yangu ndiyo imekata?"

Nilicheka, jamani. 😂

Akafungua mpira uliofunga dumu lake, akanipa. Nikausukuma mnyororo hadi gia nyepesi, nikakifunga kwa mpira kile kidude kinachouhamisha, ubaki hapohapo.

"Sasa una gia moja kama mimi, mwanangu. Nenda."

Nimefika wa mwisho. Lakini nimefika! Kocha kasema nirudi Jumamosi na waya mpya.

Nani mwingine anaahirisha waya wake? Mjitaje hapa.

Mimi naufunga leo hii. Jumamosi nampelekea Mama Somoe mpira wake, na palepale mlimani nitashuka tena.