Nimekosa, Padri

Kiangazi kile nilijitolea kufundisha kusoma katika kambi ya Kikristo iliyopigwa ufukweni mwa ziwa, upande wa Gatete. Wajerumani walikuwa na kituo Rumonge, na kila mvulana aliyewachosha pale, kwa kuiba mihogo au kutoroka mizigo, alikabidhiwa kwa padri mmoja wa Kizungu amnyooshe kwa sala na jembe. Sharti lilikuwa moja: akiharibu tena, anarudishwa kituoni kula hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na tano.

Mimi nilikuwa nimetoka Ujerumani, ambako nilikaa miaka chuo kikuu nikimtamkia profesa maneno ya Kiswahili na kusikiliza mihadhara yake juu ya lugha yangu mwenyewe. Nilirudi na koti zito lisilovalika huku, na imani kwamba hakuna kitenzi kitakachonishinda. Padri aliponiomba orodha ya maneno ya dini, nilimwandikia jioni moja tu. Kwenye "kukosa" niliandika: kutenda dhambi. Nikapiga mstari, nikaenda kula.

Asubuhi moja padri alimtuma mvulana aliyeletwa kwa kutupa mzigo wa askari. Alimpa chumvi akabadilishe na ndagala, wale dagaa wa ziwani, kwa wavuvi. Mwezi ulikuwa mpevu, na usiku wa mbalamwezi ndagala hawaufuati moto wa mitumbwi. Kila mtoto wa ziwa hili anajua. Akarudi na kikapu kitupu na chumvi yake yote.

"Samaki wako wapi?" padri akauliza.

"Nimekosa, Padri."

Padri alifurahi. Hilo ndilo linaloniudhi hadi leo, kwamba alifurahi. Wiki tatu alikuwa akingoja mmoja wao aungame, na huyu ameungama bila hata kusukumwa. Akawaita wavulana wengine waje wasikie. Akasema mtoto amekula samaki wa watu bila kulipa. Kama sivyo, mbona amebaki na chumvi?

Nilimweleza kwamba mtoto anasema hakupata kitu. Akafungua orodha, akaniuliza huu ni mwandiko wa nani. Nikasema wangu. Kisha nikaanza kumfafanulia jinsi kitenzi kimoja kinavyobeba maana mbili na, naona aibu kusema, nikamtajia mzizi wake. Akanijibu kwamba natetea wezi kwa elimu.

Hata hivyo alikuwa mtu wa haki, kwa jinsi alivyoielewa haki. Alimwinamia mtoto, akamwambia aseme tu "sikukosa", naye atamwamini na mambo yaishe.

Mtoto akanitazama. Nikamnong'oneza aseme.

"Mwalimu, nikisema sikukosa, si ni kusema nilipata? Ataniuliza wako wapi." Akamgeukia padri. "Nimekosa, Padri. Kabisa."

Padri akaandika barua ya kituoni. Askari aliyekuja kumchukua alikuwa mtu wa pwani. Niliwafuata hadi Rumonge nikifoka njia nzima. Njiani askari alimwuliza mtoto amefanya nini, akajibiwa kwa neno lilelile, akacheka kidogo. Nikamwuliza kama ameelewa.

"Nimeelewa, mwalimu. Lakini mimi sikuulizwa. Uliulizwa wewe."

Kituoni bwana mkubwa alisoma barua ya padri. Nikamtetea mtoto kwa Kijerumani changu cha chuo kikuu, naye akakisifu. Kisha akasema aliyekwisha kukiri hana la kuulizwa tena. Mtoto akachapwa pale pale mbele yangu, hakuachiwa hata kiboko kimoja. Ikaamriwa abaki kituoni kubeba mizigo.

Nilimkuta baadaye amelala kifudifudi, hawezi kukaa. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi, kwamba sitakanyaga tena kambi ile.

Akageuza uso upande wangu.

"Na wale wengine wa kambini," akasema, "nao wakikosa, nani atasema?"

Nilirudi kambini siku ileile, nimevimba kwa hasira, na sikumsalimu padri mpaka mvua za kwanza.