Siku Niliyomdanganya Nesi

Mwanangu, kuna siku moja ya Jeddah ambayo nakumbuka hata nisipotaka, na nikiikumbuka naangalia chini. Miaka hiyo vijana wengi wa kwetu walikuwa wanakwenda Saudia kutafuta kazi. Mimi nilianzia Riyadh, kisha kafili wangu, yaani bosi aliyenidhamini kazini, akahamia Jeddah, mtaa wa Al-Safa, nami nikaenda naye nikiwa dereva wa nyumbani.

Bosi alikuwa na binti wa miaka mitatu, Lamia. Hakuwa mgonjwa, ila kila baada ya miezi kadhaa madam, mama yake, alimpeleka kliniki aangaliwe anavyokua. Mimi ndiye niliyembeba kumwingiza, kwa hiyo niliona yote. Walimpa vibao avipange, wakamwambia asimame kwa mguu mmoja, wakamwonyesha picha ataje majina. Kisha nesi alisimama nyuma yake na kumwita kwa sauti ya chini. Lamia akageuka mara moja.

Nikamkumbuka wangu. Binti yangu Neema, kule Voi, alikuwa na umri huo huo. Miezi sita nyuma mke wangu, Wakesho, alikuwa amenipigia simu.

"Baba Neema, huyu mtoto haongei. Nikimwita haitiki. Nataka nimrudishe kliniki."

"Chanjo si alimaliza?" nilimjibu kwa ukali. "Unampeleka kutafuta nini? Unataka watu waseme nimezaa bubu?"

Wakesho akaacha kumpeleka. Nami nilijiona mwanamume mwenye msimamo.

Sasa yule nesi, mama wa makamo kutoka Tanga aliyeitwa Bi Salma, alibaki nami wakati madam akizungumza na daktari. Akaniuliza, "Na wewe, baba, una mdogo nyumbani?"

"Ninaye. Wa miaka mitatu."

"Anaongea vizuri?"

"Sana," nikasema. "Hata kunyamaza hajui."

Uongo huo ulinitoka bila kusita, mwanangu, na hakuna aliyenilazimisha. Bi Salma akafurahi. "Alhamdulillahi. Ungekuwa na wasiwasi, ningekwambia mama yake asimame nyuma yake apige sufuria, muone kama atageuka."

Nikatoka hadi garini, nikampigia Wakesho. Nikamwambia asimame nyuma ya mtoto apige sufuria. Nikasikia mlio wa kwanza, wa pili, wa tatu. 

"Hajageuka," akasema. "Nilikuwa najua, Baba Neema. Nimeshajaribu mara nyingi."

Nilishindwa kusema pole. Nilisema tu, "Mpeleke kesho."

Walimpima Mombasa, wakakuta anasikia kidogo mno. Alipewa kifaa cha masikioni, baadaye akaenda shule ya watoto wasiosikia vizuri. Daktari alimwambia Wakesho kwamba angeletwa mapema, maneno yangemjia kwa urahisi zaidi. Leo Neema ni msichana mwerevu, lakini huongea zaidi kwa mikono kuliko kwa mdomo. Siku moja alimwuliza mama yake kwa nini alichelewa kupelekwa hospitali. Wakesho akamjibu kwa ishara, "Hatukujua." Nilikuwa nimesharudi kutoka Saudia, nimeketi hapo hapo, nikauacha uongo huo upite. Ilinichukua mwaka mzima kumwambia Neema kwamba mama yake alijua, na aliyemzuia ni mimi. Akainuka, akaondoka. Siku mbili hakunisemesha, nami sikuwa na haki ya kulalamika.

Basi nisikilize, wewe unayelea. Sindano zikiisha, kliniki usiiache. Mpeleke mtoto akiwa anacheza na kucheka, waone anavyotembea, anavyosikia, anavyosema, mpaka afikie umri wa shule. Mama yake akisema ameona kitu, mwamini. Ukiulizwa habari za mtoto, sema ukweli, hata kama uso unawaka kwa aibu. Aibu yako wewe utaimeza. Miaka ya mtoto huwezi kumrudishia.

Mungu akujalie masikio ya kumsikia mwenzako, na akukuzie watoto wako wote mbele ya macho yako.