Msaragambo wa Kubofya

Watu wa Ubiri wakitaka kukucheka wanakuuliza kwanza habari za nyumbani. Ndivyo walivyomfanyia Abubakari mwaka ule alipoacha kuongoza wageni msituni na kuanza kushinda kwenye duka la intaneti la Klara, pale Lushoto mjini. "Habari za nyumbani, mgosi? Na kompyuta haijambo?" Halafu kicheko. Tangu biashara iachiwe huru, kila mtu aliuza alichotaka: mitumba, matunda ya plamsi, betri za redio. Lakini kuuza maneno kwa watu usiowaona! Hilo hawakulielewa, na mimi siwalaumu.

Hakujichagulia. Goti lilimvunjikia kwenye mteremko wa Magamba akiwa na wageni, likaunga vibaya, ikawa basi. Shamba la marehemu baba yake lilikuwa limegawanywa kwa ndugu mpaka fungu lake likabaki matuta machache ya vitunguu. Alichobaki nacho ni Kiingereza cha kuokota kwa wageni, na njia zote za milimani kichwani. Basi akafungua tovuti akaziandika: wapi pa kulala, wapi pana maji, wapi usipite mvua ikinyesha. Wageni wa Ulaya wakaisoma. Kweli kabisa, waliisoma!

Riziki ya tovuti ilikuwa na milango miwili. Wa kwanza ni matangazo: kampuni moja ya ng'ambo ilimwekea matangazo kwenye ukurasa, na kila msomaji akibofya tangazo, Abubakari anapata kitu kidogo. Wa pili ni linki za hoteli: msomaji akipitia linki yake akaweka nafasi ya chumba, yeye anapata kamisheni. Kamisheni ni nono, ila huja mgeni akishalala na kuondoka, pengine miezi mingi baadaye. Na milango hiyo haipatani. Msomaji akishabofya tangazo amekwenda zake, linki za hoteli hazioni tena.

Mkewe Husna, aliyeuza mboga sokoni tangu usichana wake, ndiye aliyemfundisha kiasi. Siku moja alikaa naye kwa Klara, akautazama ukurasa, akasema, "Mume wangu, meza yako imejaa mno. Mteja haoni unachouza. Punguza hayo matangazo, linki ziweke juu." Akapunguza. Wakangoja. Walikula makande asubuhi na jioni, na Husna hakunung'unika hata siku moja.

Aliyenung'unika ni baba yake. Mzee Hassani alipanda kutoka Magoma kuwajulia hali, akamkuta binti yake amekonda, akamchukua. Hakugomba. Alisema tu, "Mkwe, mke ni matunzo. Nakupa mpaka Idi. Ukija na riziki inayoeleweka, utaondoka na mkeo. Ukija mikono mitupu, utamwacha." Husna alipanda gari la kwenda Mombo huku analia, na Abubakari akabaki amesimama kituoni mpaka wapita njia wakamwonea haya.

Sasa, Ramadhani ndiyo hiyo imeingia, na linki hazijui Idi ni lini. Abubakari akafanya lile ambalo mkewe alimkataza. Akazishusha linki chini kabisa, akajaza matangazo juu, katikati na pembeni, ukurasa ukawa gulio. Na kweli, mibofyo ikaongezeka. Akaanza kuona kwamba mke anarudi. Siku moja wakifuturu akamwambia mama yake, Bi Zainabu, "Mama, niombee dua. Kila anayebofya yale matangazo ananirudishia Husna."

Loo! Laiti angekula futari yake akanyamaza.

Huku kwetu mtu akizidiwa na shamba, hupigwa mbiu ya msaragambo. Watu huja na majembe yao, wakalima mpaka paishe, na hakuna anayeuliza atapata nini. Bi Zainabu akapita nyumba kwa nyumba na mbiu yake. Siku ya gulio, Abubakari akiwa ameshuka Mombo kuzungumza na wenye hoteli, Ubiri nzima ikaingia kwa Klara. Wanawake wakatua vikapu vya peasi mlangoni, wakapanga foleni. Klara ni Mlutheri, hafungi wala hafuturu, lakini siku hiyo alikataa malipo ya mtu yeyote, akawashika mikono wasiowahi kugusa kompyuta. "Hapa, mama. Bofya. Bofya tena." Wakabofya mpaka adhuhuri, wakaenda kuswali, wakarudi wakabofya.

Kesho yake Abubakari anateremka kwenye gari, analakiwa kwa vigelegele. "Mgosi, tumekulimia! Shamba lako tumelimaliza!" Alipoelewa wamelima nini, akawaacha hapo hapo akalikokota goti lake kwenda kwa Klara. Maana masharti ya kampuni aliyasoma tangu mwanzo: mwenye tovuti asibofye matangazo yake, wala watu wake wasibofye kwa kumsaidia. Kwao huo ni wizi. Hakuwahi kumwambia mtu. Angemwambia nani pale Ubiri kwamba kuna mahali duniani ambapo kusaidiwa na jirani ni wizi?

Kwa Klara alikuta taarifa imeshafika. Amefungiwa. Alichochuma chote, cha halali na cha msaragambo, kimerudishwa kwa wenye matangazo, na yeye hapokelewi tena. Akazitazama linki zake kule chini alikozitupa. Tangu azishushe, hakuna mgeni hata mmoja aliyezifikia.

Akaenda nyumbani akamfokea mama yake. Mtu mzima, amelelewa akalelewa, anamfokea mama mzazi mbele ya majirani, tena na saumu mdomoni! "Umeniua, mama! Nani alikutuma?" Bi Zainabu alikaa kwenye kigoda akajifunika khanga usoni, na majirani wakaondoka mmoja mmoja wasijue kosa lao ni lipi. Baadaye alimwomba radhi, naye akamsamehe. Lakini mama yule hakuchangamka tena kama zamani, na Abubakari aliliona hilo kila siku.

Idi pili akashuka Magoma.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe. Umekuja na nini?"

Shemeji zake walikuwa mkekani, wameshiba pilau, wanamtazama goti. "Sikuja na kitu," alisema. Mzee Hassani akaguna. Hakuwa mtu mbaya, jamani, alikuwa baba tu. Akasema basi, na mashahidi wapo. Abubakari akatoa talaka moja, kwa sauti ndogo, lakini wote waliisikia.

Wakamruhusu akamuage. Husna alikuwa nyuma ya nyumba, macho yamemvimba.

"Mama hajambo?" aliuliza.

"Hajambo. Anakusalimu."

Kisha Husna akasema haraka haraka, "Abuu, mimi nilijitahidi. Kila nikienda Korogwe kuuza mchicha, niliingia kwenye intaneti nikafungua tovuti yako. Niliona umejaza matangazo, nikajua umebanwa. Nikawa nabofya moja moja mpaka pesa yangu ya mchicha inaisha. Baba hajui." Akafuta machozi kwa ncha ya khanga. "Au sikubofya vizuri? Niambie kweli. Kuna mahali nilikosea?"

Ukweli ulimfika Abubakari kwenye meno. Ungekuwa wewe, ungeusema. Na mimi ningeusema, tukalia wote yakaisha. Lakini yeye alikuwa ameshamwona mama yake chini ya khanga ile, na moyo wake haukuweza kuona mara ya pili.

"Hukukosea," alisema. "Pesa zako zilifika zote."

"Sasa ziko wapi?"

"Nimezila."

"Umezila?"

"Nimezila mwenyewe, Husna. Zako na za watu wengine. Nilizitapanya."

Husna alimtazama. Miaka yote ya shida hakuwahi kumtazama hivyo, hata siku walipolala na njaa. Akajitanda khanga yake vizuri, akaingia ndani, na Abubakari akamsikia akimwambia baba yake kwamba yule mtu anaweza kwenda sasa.