Picha ya Vijana wa Mzee Walter

Jamani, mpaka leo mtu akitaja besiboli mbele yangu masikio yanawaka moto, na kwa kuwa habari hii ilishazunguka Thamesmead nzima, huku kwetu London, kabla hata sijamaliza kuosha sufuria, sina cha kuficha, heri mnisikie mimi mwenyewe kuliko kumsikia Mama Kui ambaye kila akisimulia anaongeza chumvi (ile sehemu ya Bi Salma kuzimia si kweli, alikaa tu chini ghafla).

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa kuuliza, nimezaliwa hivyo kule Morogoro, nikiona mtu kabeba godoro najiuliza analipeleka wapi, na nikishajiuliza mwenyewe lazima nimuulize na yeye. Sasa mwaka ule, miaka ya elfu mbili ikiwa bado michanga, kuuliza kulinitia matatani. Tulikwenda msibani kwa dada mmoja wa Mombasa aliyefiwa na mumewe, mimi nimekaa mkekani kistaarabu kabisa, mara mdomo ukaniponyoka, nikamuuliza mfiwa mbele ya watu wote kama kweli marehemu alikuwa akimeza vidonge vyake vya presha. Yule dada akaangua kilio upya, kumbe asubuhi ile ya mwisho walikuwa wamegombania vidonge hivyo hivyo, na mimi nikatamani mkeka unifunike.

Mama Kui akaniita jikoni. Yeye ni Mkenya wa Nakuru, nesi, na ndiye mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama wa Afrika Mashariki, na akikutazama kwa ile miwani unajikuta unarekebisha kanga.

"Mama Sifa," akasema, "kuanzia leo kwa matanga wewe utapika na utanyamaza. Swali moja tu tena, tunakutoa kwa group. Na ujue sicheki."

Msilione dogo hilo. Baba yangu alipofariki sikuweza kwenda kumzika, na ni wale wanawake waliokuja kwangu na mikeka yao wakalala sebuleni kwangu mpaka nikaweza kula tena. Sina ndugu mwingine Uingereza nzima. Kutolewa kwenye kikundi maana yake siku nyingine ikinifika nitalia na televisheni, na hilo lilinitisha kuliko kufukuzwa kazi.

Kwa hiyo nilipohamia jengo jipya mwezi wa tano, nilihamia na mdomo uliofungwa. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Mzee Walter, Mmarekani mrefu, miaka sabini na kitu, kepu ya bluu haimtoki kichwani, aliyekuja zamani na jeshi la anga la kwao akabaki huku. Hayo alinipa mwenyewe bila kuulizwa. Maswali niliyokuwa nayo mimi, Mungu anajua, yangejaza ndoo: kwa nini kibarazani kwake kuna viti viwili na yeye anakalia kile kile kimoja, kwa nini kila asubuhi anarudi na gazeti huku anatikisa kichwa, na ile kepu inafuliwa lini. Nikayameza yote, na tumbo likajaa.

Basi Jumatatu moja mwisho wa mwezi wa tisa natoka shifti kwenye nyumba ya kulelea wazee ninakofanya kazi, nakutana naye kwenye lifti, macho mekundu, na mkononi amefunga kitambaa cheusi. Nikashtuka. Nikamwamkia kwa Kiingereza, akaniambia kwa sauti ya chini, "Imekwisha. Jana ndiyo ilikuwa mwisho." Akaendelea, "Nilijua tangu mwezi wa nne, lakini mtu hakati tamaa, sivyo? Vijana wangu walijaribu, maskini."

Vijana! Swali likanijia mpaka kwenye meno, nani kafa, kafa na nini, vijana wangapi, na hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo ulioleta makubwa yote: nikalimeza. Kwetu mfiwa haulizwi, unasema pole, unakaa, habari kamili utapewa na watu wa pembeni (tatizo ni kwamba ndani ya lifti ya Thamesmead hakuna watu wa pembeni). Nikamwambia pole sana. Akanishika mkono, akasema mimi ni mtu wa kwanza kumpa pole, na mlango ukafunguka.

Nikampigia Mama Kui hapo hapo. Akauliza, "Amefiwa na nani?"

"Sikuuliza," nikasema.

Akasema, "Aki wewe, umekuwa mtu mzima."

Sifa hizo zilinilevya. Nikaona hii ndiyo nafasi yangu ya kusafisha jina, nikaongeza kwamba kwa jinsi nilivyomwelewa ni watoto wake, vijana, na wamemfia huko Marekani. Mama Kui akasema hatuwezi kumwacha mzee wa watu alie peke yake ukutani kwetu, akaanza kupiga simu. Sasa mnajua simu zetu. Mimi niliondoka na "vijana", kufika Jumatano ni vijana wawili na ajali ya gari, Ijumaa nikapigiwa na mtu wa Kenton, upande mwingine kabisa wa London, nisiyemjua akiniuliza kama ni kweli wale vijana watatu wameungua na nyumba, nami badala ya kusema sijui nikasema, "Ndiyo hivyo, dada, kazi ya Mungu."

Jumamosi mchana wakaja. Lifti ilikuwa mbovu (kama kawaida yake ikihitajika), kwa hiyo akina mama walipanda ngazi na sufuria la wali, sufuria la maharage, birika kubwa la chai, mandazi, mikeka, kanga mabegani, na majirani Waingereza wamefungua milango nusu wanachungulia. Bi Salma, mkubwa wetu, Mzanzibari, magoti yanamuuma, akapumzika kila ghorofa akisema, "Watatu mara moja, ya Rabbi, huyu mzee ana kifua gani?"

Mzee Walter akafungua mlango. Akatutazama, akatazama sufuria, akavua kepu. Nikamwambia, "Tumekuja kukaa na wewe." Akatupisha tukaingia.

Tukavua viatu, tukasogeza meza, tukatandika mikeka juu ya zulia lake. Mapazia yalikuwa yamefungwa na redio imezimwa, nyumba ya msiba hasa. Mama Kui akaomba kwa Kiingereza, sala ndefu yenye machozi, juu ya vijana waliokatika katikati ya safari, na Mzee Walter ameinamisha kichwa anaitikia amina ya nguvu kuliko sisi sote. Wimbo ukaimbwa. Mimi jikoni napakua wali, najisikia mwepesi, nawaza kwamba nimerudi kundini, nimesamehewa.

Ndipo Mama Kui akamwomba kwa heshima kama ana picha ya vijana wake, tuiweke mezani na mshumaa.

Mzee akanyanyuka, akaingia chumbani, akarudi na picha kubwa yenye fremu ameikumbatia, akaisimamisha mezani. Nikatoka jikoni na sahani mbili mkononi niione. Ilikuwa ni safu tatu za vijana wa kiume, kepu za bluu, suruali nyeupe, wengine weusi wengine weupe, wanatabasamu.

Bi Salma akasogea, akainyooshea kidole, akauliza kwa Kiingereza chake kidogo, "Hawa wote?"

"Wote," akasema Mzee Walter, na chozi likamdondoka.

Hapo ndipo Bi Salma alipokaa chini.

"Wote," akarudia mzee, "hakuna hata mmoja aliyeweza kuupiga mpira. Mechi zaidi ya mia moja tumefungwa msimu mmoja! Sijawahi kuona timu mbovu namna hii tangu nizaliwe."

"Mechi?" akauliza Mama Kui.

"Besiboli," akasema mzee.

Mama Kui hakumtazama mzee. Alinitazama mimi, miwani imeshuka hadi nchani mwa pua, na wale wengine mmoja mmoja wakageuza vichwa mpaka macho yote yakawa kwangu na sahani zangu mbili za wali. Mtu mmoja nyuma akaziba mdomo kwa kanga, mabega yakaanza kumruka, mwenzake akadakia, na ndani ya dakika moja nusu ya waombolezaji wanacheka machozi na nusu wanakunja mikeka kwa hasira. Mzee anatutazama, haelewi. "Nilidhani ndivyo mnavyofanya kwenu timu ikishindwa," akasema. "Nikasema hatimaye nimepata majirani wenye akili."

Mama Kui akabeba sufuria la wali mwenyewe. Mlangoni akaniambia taratibu, "Siku zote unauliza. Siku zote! Leo moja tu ungeuliza." Halafu akasema, "Tutaongea kwa mkutano," na nilijua mkutano huo maana yake nini.

Nikabaki nakusanya sahani. Nilikuwa nimeshapoteza kila kitu, sasa ninyamaze kwa ajili ya nani? Yale maswali ya miezi yote yakatoka kwa mpigo. Nikamuuliza mchezo wenyewe ukoje, kwa nini mmoja arushe na mwingine apige kwa gongo, kwa nini mtu akimbie mzunguko mzima kurudi pale pale alipoanzia, na wanacheza mara ngapi. Akasema karibu kila siku, kuanzia masika mpaka majani yaanze kudondoka. Kila siku! Nikawaza hao vijana, unafungwa leo, unalala, unaamka, unavaa zile suruali nyeupe unakwenda kufungwa tena, na hakuna anayekuruhusu kubaki kitandani. Ilinishangaza sana, nikakaa chini.

"Na kitambaa cheusi," nikauliza, "unavaa kila wakishindwa?"

"Hapana. Wameshindwa miaka mingi tu. Sikuwahi kuvaa."

"Mbona mwaka huu?"

Akatazama nje, kwenye vile viti viwili.

"Maureen hakujua chochote cha besiboli," akasema. "Mwingereza, atajuaje. Lakini yeye ndiye aliyekuwa akinisomea matokeo kwenye gazeti asubuhi, na kila tukifungwa, kabla hajataja pointi, anaanza, 'Wamejitahidi, mpenzi.' Hata tukifungwa vibaya namna gani, wamejitahidi. Alifariki mwezi wa pili. Mwaka huu wote nimesoma mwenyewe."

Nikamuuliza mwezi ule wa pili nani alikuja kukaa naye. Akauliza, kukaa namna gani?

Jamani, nilishuka zile ngazi bila viatu. Akina mama walikuwa kituo cha basi na sufuria zao, bado wengine wanacheka, nikawapigia kelele toka mbali kama kichaa. Mama Kui akaniinulia mkono. "Usiniambie umemuuliza."

"Nimemuuliza," nikasema, nahema, "ni mkewe. Mwezi wa pili. Hakuna mtu aliyekwenda."

Basi likaja, likafungua mlango. Mama Kui akalitazama, akanitazama miguu, akamtazama Bi Salma. Bi Salma akapandisha kanga begani akasema, "Mimi magoti yangu hayapandi ngazi zile mara ya tatu, kwa hiyo nikipanda sasa silali kwangu leo." Akaanza kurudi yeye wa kwanza, na wengine wakabeba sufuria.

Tulikaa naye mpaka kesho yake. Wali ulikuwa umeshapoa, tukaupasha.

Kwenye mkutano hawakunitoa, ila aibu haijapungua hata kidogo, msidhani, mpaka sasa nikiingia harusini kuna mtu ataniuliza timu inaendeleaje. Nami nimeapa, na nimemwapia Mama Kui usoni kwake: swali sitalimeza tena, nitalichagulia mahali na nitalipunguzia ukali, lakini litatoka. Masika yaliyofuata msimu wao ulipoanza tena nikawa kila nikitoka shifti nagonga mlango wake, nauliza, "Haya, vijana wako jana?" Anasema, "Wamefungwa." Namjibu, "Wamejitahidi, mzee wangu." Kuna asubuhi moja alifungua mlango akaniambia wameshinda, tukabaki tumesimama pale wote wawili, hatujui la kusema.