Gunia la Uzi Mwekundu

Gunia likinyeshewa hutoa harufu ya katani na vumbi la mahindi, na mimi nikiisikia hata leo sokoni Manyatta, hukohoa nikaondoka. Muuzaji hudhani nina pumu. Mwacheni adhani hivyo.

Mama yangu hakuwa mtu wa kutupa kitu. Wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya wakoloni ilipokuwa ikiwasaka wapiganaji wa msituni, tuliamriwa kuhamia kijiji kilichozungushiwa handaki, na nyumba yetu ya zamani ikachomwa. Tulibeba sufuria mbili, jembe, na magunia yaliyochakaa ambayo majirani waliyaona hayafai. Mama aliyafua mtoni, akayashona. Moja likawa godoro lililojazwa majani makavu ya migomba. Jingine likawa gauni langu, nami nikawa najikuna kanisani kama mbuzi mwenye upele. “Anayejikuna ana nguo,” Mama aliniambia. Uzi aliupata kwa kufumua sweta yangu nyekundu ya uchangani, na kazi yangu ilikuwa kuutunga kwenye sindano. Kila mshono aliumalizia kwa vifundo vitatu vilivyotanuka kama mguu wa kuku. Hakuna mwingine kijijini aliyeshona vile.

Mvua za masika zilipoanza, baba mdogo, ndugu wa pekee wa Baba, alikuja kuomba kofia ya mvua. Mnaijua: gunia linasukumwa pembe moja ndani ya nyingine, linashonwa, unajifunika kichwa mpaka mgongoni.

“Shemeji, huko handakini tunachimba tukinyeshewa,” alisema. “Nitaugua kifua.”

Mama alimshonea siku ile ile. Baba mdogo aliniita fundi, nikavimba kichwa siku nzima.

Wiki iliyofuata tulikusanywa uwanjani. Wanaume walichuchumaa kwa mistari, wanawake na watoto tukawekwa pembeni. Siku hizo mtu wa kuwataja waliokula kiapo cha wapiganaji alifunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho ili asijulikane. Alipita mbele ya wanaume polepole. Akiinamisha kichwa, mtu anainuliwa na kupandishwa lori, na wengi hawakurudi. Mbele ya Baba alisimama. Nilimwomba Mungu kwa maneno yote niliyoyajua. Kichwa kile kikainama.

Yule mwenye gunia alipogeuka, niliona kisogoni uzi mwekundu na vile vifundo vitatu: kofia yetu ya mvua, iliyoshonwa mbele na kutobolewa macho. Naona aibu kuwaambia hili: nilifurahi. Baba anaburutwa, nami nimefurahi kuiona kazi yetu.

“Mama, ile ni ya…”

Mama alinibana mdomo kwa kiganja mpaka meno yakanichana. Hakunitazama. Alikuwa ameshaona.

Jioni baba mdogo alikuja na mkungu wa ndizi kutupa pole. Mama alimnawisha mikono, akampakulia chakula. Nilimchukia Mama kwa sahani ile, na kwa miaka mingi nilimwona mwoga. Nilikuja kuelewa nilipokuwa na wanangu mwenyewe. Kama baba mdogo angejua kwamba tumemtambua, mara ya pili kichwa kingeinama mbele ya Mama, nami ningebaki na nani?

Baba alirudi baada ya miaka mitano, akiburuta mguu mmoja. Alipoona tuko hai, alimpa ndugu yake mbuzi kwa kututunza. Mama ndiye aliyemfunga kamba yule mbuzi na kumkabidhi. Mama aliondoka duniani bila kumwambia Baba. Nadhani alimhurumia Baba, ambaye hakubakiwa na ndugu mwingine.

Baba naye alipokuwa anakata roho, alinishika mkono.

“Wanja, baba yako mdogo ni mtu mwema. Usimwache.”

Nilikuwa na maneno mdomoni tangu utotoni. Nikayameza.

“Ndiyo, Baba,” nikasema.

Sijamwacha. Macho yake hayaoni tena, na asubuhi hii nimemnywesha uji kwa kijiko.