Jina la Baba kwenye Kadi

Tulikuwa wanne siku ile kwenye duka la kadi pale Mbinga mjini: mimi, mdogo wangu aliyekuwa anaolewa, baba mdogo aliyepanda kutoka ziwani, na binti anayechapa. Mama tulimzika. Baba alikwenda kuvua, ukarudi mtumbwi mtupu, nami nikaacha shule nilee wadogo zangu.

"Wote wawili waandikwe marehemu," nilimwambia binti.

Baba mdogo akamzuia. "Kaka yangu hatujamwekea matanga. Mtu hazikwi kwenye kadi."

"Sasa mzee, akitokea ukumbini mtamkalisha wapi?" Binti alicheka peke yake.

Mdogo wangu alikuwa ameshaanza kulia. "Dada, mwache baba aniozeshe."

Nikakubali. Kadi zikatoka na jina la baba bila neno marehemu, akiwaalika watu kwa furaha kama mtu aliye hai.

Niliposhuka ufukweni kuzigawa nilitegemea maswali. Hakuna aliyeuliza. Niliyeanza naye, bibi mmoja jirani yetu wa zamani, aliniomba nimsomee. Nilipofika kwenye jina la baba, akaitikia kwa kichwa, ameridhika kabisa.

"Ndiyo maana juzi kanipa shikamoo pale kwenye chanja za kuanikia dagaa usipa. Nikamuuliza, umefuata nini huku? Akasema binti yake anaolewa."

Kadi ile ilikuwa ya kwanza kutoka mkobani mwangu; pale ufukweni hakuna aliyekuwa ameziona.

Harusi ilipita salama. Matanga ya baba bado tunadaiwa. Kila nikitaja siku, mdogo wangu hunishika mkono na kuniomba tungoje kidogo.