Maneno Matamu ya Mtunza Stoo

Dada yangu alipika shuleni miaka kumi na tisa, mimi nikimsaidia kuosha vyombo. Mtunza stoo tulimpachika jina la Yatakaa Sawa, maana hakuishiwa neno tamu. Paa lilipovujia magunia ya maharage, alisema tuwe na matumaini. Yalipoota ukungu akasema tusikate tamaa, tutarajie mema.

Asubuhi moja Dada alifungua gunia, harufu ikatupiga usoni kama ya panya aliyeoza. Maharage yalikuwa yameshikana na kuteleza, funza weupe wakitambaa katikati. Nilitoka nje nikatapika, kisha nikarudi.

"Chemsha tu, Dada," alisema Yatakaa Sawa, kitambaa puani. "Wadudu watakufa. Kuwa na imani."

"Imani ninayo, kaka yangu, lakini ni kwa Mungu, si kwa gunia hili. Mbona umeziba pua?"

"Nina mafua."

"Pole. Basi chota bakuli moja, ukawapikie wanao nyumbani."

Akajifanya hakusikia. "Watoto mia tatu watashinda na njaa kwa sababu yako."

"Afadhali washinde na njaa kuliko washinde wodini."

Dada akamwaga ndoo ya maji kwenye moto, akaenda kumwambia mwalimu mkuu awarudishe watoto makwao. Nilibaki nikimtazama yule bwana akitikisa kichwa kwa huruma, eti sisi hatuna moyo wa subira. Mungu anisamehe, alinichefua kuliko wale funza. Wao walau hawakututia moyo.